Sindano Iliyochoka

"Nilimwona ngazini kwa macho yangu mawili!"

"Anaishi hapa! Ulitaka apandie wapi, Dobi, kwenye bomba la maji machafu?"

"Alikuwa amebeba kile kimfuko chake cha nyaya."

"Ni fundi vitasa! Ulitaka abebe nini, kinanda?"

Inspekta alisimama kwenye kona ya ngazi, mkono kwenye reli, akiingoja pumzi yake imfikie. Jengo lilikuwa na ghorofa nne, na lifti yake ilikuwa imegeuzwa stoo ya ndoo na mifagio tangu enzi zisizokumbukwa na mpangaji yeyote. Magoti yake yalikuwa yameshaanza kulalamika kwenye ghorofa ya kwanza. Sasa yalikuwa yanashtaki.

Juu yake, kwenye ukumbi mwembamba wa ghorofa ya tatu, watu wawili walikuwa wamekabiliana pua kwa pua. Mmoja alikuwa Dobi, mfupi, shingo imelowa jasho, ametoka mbio na pasi yake mkononi na waya unamfuata nyuma kama mkia. Wa pili alikuwa mke wa fundi vitasa, mwembamba, mikono kiunoni, sauti imekwisha lakini maneno bado yapo. Milango mingine yote ya ukumbi ilikuwa wazi kiasi cha sikio.

"Mumeo mwenyewe alikuwa anajisifu," Dobi alisema. "Hakuna mlango unaonishinda, Mkono Pamba mimi! Sasa pamba imeshika moto, unanililia mie?"

"Siku uliyojifungia nje na suruali za watu zikaungua ndani, nani alikufungulia? Alikuchubulia hata rangi ya mlango? Leo ndiye mwizi?"

"Sikusema mwizi. Nimesema nilimwona."

"Umesema kwa polisi. Kwa polisi kumwona mtu ndiko kumsema."

Dobi alifungua mdomo, akamwona Inspekta, akaufunga. Akaificha pasi nyuma ya mgongo, kana kwamba nayo ingehojiwa.

Mke wa fundi hakugeuka haraka. "Umeniletea nini leo?"

"Taarifa," Inspekta alisema. "Kesho asubuhi mumeo anafikishwa mahakamani. Shtaka ni la kuua. Una haki ya kuwepo, na ana haki ya wakili."

"La kuua."

"Ndiyo."

"Na mkija kugundua mmekosea? Mtasema samahani, si ndiyo?" Aliegemea ukuta. "Mngemkamata mwokaji mkate, angetoka akaoka. Mngemkamata kinyozi, angetoka akanyoa. Fundi vitasa akishaitwa mwizi mara moja tu, nani atampa mlango wake? Hata mkimrudisha, mtanirudishia mtu asiye na kazi hadi kufa. Hilo mmeliandika wapi?"

Inspekta alimalizia ngazi zilizobaki. Alimkabidhi karatasi ya wito, naye akaipokea kwa ncha za vidole.

Hapo ndipo mlango wa mwisho ulipofunguliwa wote, na harufu ya vitunguu ikatoka mbele ya mwenyewe. Mama Mkubwa hakuwa mama mkubwa wa mtu mmoja; alikuwa wa jengo zima. Mlangoni kwake viatu havikupungua jozi saba, na haikujulikana kamwe yupi ni mgeni na yupi amehamia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu ya upesi, mwiko katika mkono mmoja na bakuli lililofunikwa katika mwingine.

"Wewe Dobi! Pasi imepoa, mdomo unawaka. Hebu badilisha." Dobi akarudi nyuma hatua, watu wakacheka nyuma ya milango. "Na wewe mwanangu, ugomvi haushibishi. Njoo."

Aliusukuma mlango wa mke wa fundi kwa nyonga, akaingia bila hodi kama desturi yake, akaweka bakuli mezani kwa watu, akamketisha mwenye nyumba kwenye kiti chake mwenyewe, akatoka. Muda wote huo Inspekta alikuwa bado anatafuta kalamu.

"Tangu mumewe achukuliwe hapiki," alimnong'oneza Inspekta kwa sauti iliyosikika hadi ghorofa ya nne. "Namlisha mimi. Nitafanyaje? Wewe umekula?"

"Nimekula, Mama Mkubwa."

"Muongo mkubwa. Uso wako huo ni uso wa chai ya jana."

Katikati ya mlango wake na mlango wa fundi kulikuwa na mlango mwingine, umezibwa kwa utepe wa polisi, na pale penye kitasa palikuwa na tundu tu. Humo ndimo alimokutwa Posta, mzee aliyestaafu kazi ya kupanga barua, amelala sakafuni, kisogo kimepasuka kwenye kona ya kabati. Daktari wa maiti alikuta michubuko ya viganja viwili kifuani: mzee alisukumwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Hakikuwa kitasa cha kujifunga chenyewe. Lazima mtu akizungushe. Ufunguo wa Posta ulikuwa mfukoni mwa suruali yake, na ndani hakikupotea hata kijiko.

"Nikuulize tena lile la zamani," Inspekta alisema. "Ufunguo wa pili."

Mama Mkubwa alivuta uzi mweusi kutoka kifuani. Ufunguo ulining'inia, umeng'aa kwa jasho la miaka. "Huu hapa. Nakuambia nilivyowaambia wenzako, nikawaambia majirani, na mahakamani nitaapa: hautoki shingoni. Nikilala nao, nikioga nao. Amana ya mtu si kijiti cha meno."

"Na jioni ile?"

"Mchana nilimpelekea chakula, nikamwacha mzima anagombana na redio yake. Jioni nikabisha. Nikabisha, nikaita, Posta! Posta! Ngumi ikaniuma. Watu wakatoka wote, muulize hata huyo Dobi. Ndipo nikafungua mbele yao." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mwiko. "Mwacheni mtoto wa watu, Inspekta. Ni mpole yule."

Inspekta alishuka ngazi moja moja. Alibakiwa na kazi ndogo tu: kwenda chuoni kuchukua ripoti ya kitasa cha Posta, iliyotiwa sahihi, aipeleke kwa mwendesha mashtaka, akalale.

*

Maabara ilikuwa chini ya ardhi, kwenye jengo la zamani la chuo, kwa sababu huko ndiko ardhi ilikotetemeka kidogo kuliko kwingine. Mlangoni paliandikwa MSUGUANO NA UCHAKAVU. Chini yake mtu wa mizaha alikuwa ameongeza kwa kalamu: *wa vitu, si wa wafanyakazi*.

"Viatu," sauti ilisema kabla hajaingia. "Na simu uizime kabisa. Si kuinyamazisha tu. Kuizima."

Mwenye maabara aliitwa Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta kubwa na penseli mbili kwenye nywele, moja ambayo bila shaka alikuwa ameisahau. Macho yake yalikuwa mekundu. Inspekta aliyatambua, alikuwa nayo mwenyewe.

"Ripoti iko tayari," Daktari alisema. "Nimeiandika usiku. Bado sahihi tu."

"Kabla ya sahihi, nionyeshe. Kesho wakili atanibana, na mimi siwezi kusema *nimeambiwa*."

Daktari alivuta pumzi kama mama aliyeombwa hadithi baada ya kuzima taa. Alimpeleka kwenye meza nzito ya jiwe. Meza haikugusa sakafu moja kwa moja. Miguu yake ilikalia mito ya hewa. Juu yake palikuwa na chombo cha chuma kisichozidi birika.

"Hii ndiyo hadubini?" Inspekta aliuliza. "Sasa unachungulia wapi?"

"Hatuchungulii. Tunapapasa." Daktari alinyoosha kidole, akakipitisha taratibu juu ya meza. "Kama kipofu anavyosoma uso wa mtu. Ndani mna ulimi mwembamba sana, na ncha ya ulimi ina sindano. Unywele wako ukiupasua vipande elfu kadhaa, kimoja ndio unene wa ncha yake. Sindano inaburutwa juu ya kitu, inapanda na kushuka, mwale wa leza unaufuata ulimi, na kompyuta inachora."

"Na kijiti cha kitasa kiko humo."

"Kimoja kati ya vijiti vyako vya shaba, ndiyo."

Inspekta alikuwa ameshafunzwa habari za vitasa na fundi mwenyewe, siku ya kwanza ya mahojiano, kwa adabu kama ya mwalimu: ndani yake mna vijiti vidogo vya shaba vimesimama mstari, ufunguo ukiingia unavinyanyua kila kimoja kwa kipimo chake, kitasa kinazunguka. Anayechokonoa kwa waya hufanya vivyo hivyo, kijiti baada ya kijiti, akifungua au akifunga. Hadubini ya kawaida ya kituo haikuona mkwaruzo wowote. Mkuu wa kituo akasema ni kwa sababu mshukiwa hakupewa jina la Mkono Pamba bure, akaagiza vijiti viletwe hapa.

Daktari aliwasha skrini. Ikatokea nchi ya ajabu, ya rangi ya asali, yenye vilima vingi.

"Watu hudhani kuna vitu laini," alisema. "Hakuna. Ukisogea karibu ya kutosha, kila kitu ni milima. Vitu viwili vikipitana, vilele vinagombana. Huo ndio msuguano. Anayeshindwa anaacha kipande chake pale. Huko ndiko kulika. Sasa tazama." Aligusa skrini kwa kalamu. "Kila kilima kina mchirizi, na mchirizi umegawanyika pembe mbili, zote zimelala kuelekea kulia. Mwelekeo mmoja, chombo kimoja. Ufunguo haufanyi hivi. Huo ni waya wa chuma kigumu."

Inspekta alisogeza kiti. Alitazama kilima cha juu, akatazama cha chini. Akatazama vya katikati.

"Vyote vina kovu lilelile?"

"Ndiyo nilivyosema. Mkono mmoja."

"Sisemi yanafanana. Nasema ni lilelile. Pembe ya kushoto fupi, ya kulia ndefu. Hapa, hapa, hapa. Kilima kikubwa, kovu hilo. Kilima kidogo, kovu hilo."

"Fundi mzuri ana mkono usiobadilika."

"Fundi mzuri hana bahati ya namna hiyo." Inspekta alijisugua macho. "Daktari, mimi kazi yangu ni kusikiliza watu. Mtu akinisimulia jambo mara tatu kwa maneno yaleyale, na pale pale anakohoa, simkatalii. Namwambia anisimulie kuanzia mwisho. Aliyeona kweli, ukimgeuza, na hadithi yake inageuka. Aliyekariri anarudia wimbo uleule."

"Hiki ni kijiti cha shaba. Hakikariri."

"Basi kigeuze. Kizungushe robo tu. Kama makovu ni yake, si yatazunguka nacho?"

Daktari aliinamia skrini. Penseli moja ilianguka kutoka kichwani, hakuiokota.

"Nilipaswa kufanya hivyo kabla," alisema.

"Haya, fanya sasa. Mimi sina haraka. Kuna mtu mwingine ndiye mwenye haraka, lakini yuko rumande."

Kukigeuza kijiti ilikuwa kazi ya koleo ndogo na mikono isiyotetemeka. Daktari alimaliza, akafunga kifuniko, akaweka kidole mdomoni. Walikaa kimya, soksi zao sakafuni, huku picha ikijichora mstari mmoja mmoja kama mtu anayefuma mkeka bila kutaka umalizike. Inspekta alikohoa mara moja; mstari mweupe ukapita katikati ya milima. Daktari akamtazama. Inspekta akaomba radhi kwa mkono.

"Sindano hizi," alinong'ona baada ya muda, "unazibadilisha?"

"Tunapaswa. Boksi jipya limekwama bandarini. Hii ndiyo ya mwisho ya boksi lililopita. Nimekuwa naitunza." Alisita. "Nimeitumia kwa kazi zangu zote za wiki hii kabla ya vijiti vyako. Juu ya kioo kigumu."

Haikuhitajika kuongeza neno. Milima ilikuwa imegeuka: kile kikubwa kilichokuwa juu sasa kilikuwa pembeni. Lakini juu ya kila kilima pembe mbili zilikuwa palepale, ya kushoto fupi, ya kulia ndefu, zimelala kuelekea kulia.

"Hayajageuka," Inspekta alisema.

"Hayajageuka."

"Basi ni ya nani?"

"Ya sindano." Daktari aliketi. "Ncha imevunjika, imekuwa na meno mawili. Kila ilipopanda kilima, ilijichora yenyewe. Nimekuletea picha ya pua yangu mwenyewe nikaiita mwizi." Alicheka kicheko kikavu, cha mtu asiyekuwa na nguvu ya kulia. "Maisha yangu yote nafundisha watu kwamba hakuna kinachosugua kisilike. Na sindano yangu ikalika hapa, mbele yangu, nikasema kitasa ndicho kimeumia."

"Umelala lini?"

"Usiniulize maswali ya kipolisi."

Alipanda juu, akarudi na kiboksi kidogo alichokiazima kwa mwenzake kwa ahadi ambazo Inspekta hakutaka kuzijua. Sindano mpya. Safari hii Daktari alianza kwa kuijaribu juu ya bamba la kipimo, akageuza, akajaribu tena, ndipo akagusa shaba. Akapapasa kijiti cha kwanza, akakigeuza, akakipapasa upya. Akafanya hivyo kwa vyote. Mchana uliingia na kupita huko juu bila kuwauliza. Walikunywa chai ya chupa iliyokuwa imekata tamaa ya kuwa moto.

Milima mipya haikuwa na pembe. Ilikuwa mifupi, vilele vyake vimelala bapa kama vigoda vilivyokaliwa na vizazi.

"Hakuna mahali waya umepita?" Inspekta aliuliza.

"Chuma kigumu kikigusa shaba, hata kwa mkono wa pamba, kinaondoka na chembe na kuacha shimo. Wewe hulioni, sindano inaliona. Nimepapasa vijiti vyote. Hakuna."

"Na ufunguo wa kuchongesha? Mtu akaiba kipimo, akatengenezewa mpya?"

"Mpya una meno makali. Ungelima hapa kama jembe siku ya kwanza ya mvua." Daktari alipitisha kalamu juu ya vilele bapa. "Hivi vimesuguliwa na funguo zilezile miaka mingi hadi vimezoeana. Ufunguo ulikilainisha kijiti, kijiti kikaulainisha ufunguo. Mgeni hakuingia kati yao."

"Utaapa?"

"Kuhusu shaba, nitaapa. Nani aliushika ufunguo, hilo ni lako." Aliivuta ripoti ya kwanza, akaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba imefutwa, na chini yake sababu, bila kujipunguzia. "Nitaandika nyingine sasa hivi. Jina langu litakaa kwenye zote mbili."

Inspekta alivaa viatu. Ilimchukua muda, miguu ilikuwa imevimba.

*

Alimpigia Mkuu wake akiwa kwenye ngazi za chuo, jua likimchoma upande mmoja wa uso.

"Jana sindano ilisema ndiyo," Mkuu alisema. "Leo inasema hapana. Kesho itasema nini?"

"Kesho haitasema kitu, Mkuu. Imevunjika."

"Usinifanyie mzaha. Kesi iko kesho."

"Kesi haipo. Kitasa hakikuchokonolewa, si kufunguliwa wala kufungwa. Hakukuwa na ufunguo mpya. Aliyetoka mle alifunga kwa ufunguo wa zamani, na za zamani ni mbili. Mmoja ulikuwa mfukoni mwa marehemu."

Karatasi zilichakarika upande wa Mkuu. "Wa pili unaweza kuwa uliibwa."

"Mwenyewe anasema hautoki shingoni. Amesema kwetu, kwa majirani, na yuko tayari kuapa. Tulimwamini tukamfuata fundi. Sasa tuendelee kumwamini." Inspekta aliketi kwenye ngazi. "Na kuna hili. Leo nimemwona anaingia nyumba ya jirani bila hodi, kama mtu anavyoingia jikoni kwake. Kwa Posta ameingia hivyo miaka yote, ana ufunguo. Jioni ile tu ndiyo alibisha mpaka ngumi ikamuuma. Alikuwa anabishia nini? Alitaka watu watoke."

"Yule mama?" Mkuu aliuliza polepole. "Yule aliyetulisha siku tuliyokwenda kuchukua maiti?"

"Alitulisha wote, Mkuu. Wewe uliongeza."

Mkuu alisema fundi ataachiwa mara ripoti mpya itakapofika mezani, na kwamba atampa askari wawili.

*

Dobi alikuwa kwenye chumba chake cha pasi, chini ya ngazi, mashati yametundikwa pande zote kama kikao cha watu wasio na vichwa. Alipomwona Inspekta alianza kujitetea kabla ya salamu.

"Mimi sikusema mwizi."

"Najua. Niambie habari za Posta na Mama Mkubwa."

"Hao? Pete na kidole." Dobi alinyunyiza maji kwenye kola. "Mpaka sahani zilipoanza kurudi zimejaa."

"Sahani zipi?"

"Za chakula cha Posta. Wiki ile ya mwisho hakula. Alisema binti wa dada yake anakuja kukaa naye, atampikia, basi inatosha kulishwa na jirani kama kifaranga. Akataka na ufunguo wake urudi." Dobi aliinua pasi, akaitazama. "Mama Mkubwa alilia hapa hapa, kwenye hicho kiti. Anasema miaka yote ile, leo anadaiwa ufunguo kama mpangaji mbaya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza nilimwona nani ngazini. Nikajibu. Hukuniuliza nilisikia nini." Alisita. "Na nani angekuambia jambo kama hilo la mtu anayekupa chakula?"

"Aliurudisha?"

"Si unauona shingoni."

Pasi ilianza kutoa moshi. Dobi aliinua shati la mtu lenye alama ya kahawia kifuani, akalikunja, alama ikiwa ndani.

Inspekta alipanda. Askari wawili aliwaacha kwenye kona ya ghorofa ya pili, akawaambia wasije mpaka awaite. Kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu hakubisha hata mlango mmoja. Alisimama katikati akapaza sauti kama mnadi wa samaki.

"Mke wa fundi vitasa!"

Milango ikafunguka kiasi cha sikio, kisha kiasi cha kichwa. Mke wa fundi alitoka akiwa bado na karatasi ya wito mkononi.

"Nasema wazi ili kila mtu asikie, na asiyesikia aulize. Mlango wa Posta haukuguswa na waya wa mtu yeyote. Umepimwa kwa chombo kisichobembelezwa. Mumeo hakuufungua, hakuufunga. Kesho haendi mahakamani. Leo anarudi nyumbani, na anayemwita mwizi kuanzia sasa nitamtaka aje kituoni anieleze amepata wapi."

Mke wa fundi hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kizingitini, akaikunja ile karatasi ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikukunjika tena. Majirani wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja akikumbuka kwamba yeye hakuwahi kuamini.

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi. Nyuma yake chumba kilijaa watu, sahani magotini, mtoto wa mtu amelala juu ya mapaja ya mtu mwingine. Mama Mkubwa alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa cha kupangusia sahani begani. Kelele zilipopungua, aliuliza:

"Anarudi saa ngapi?"

"Kabla ya giza."

"Basi nimtengee chake." Aligeuka, akapakua sahani moja, akaijaza, akaifunika kwa nyingine, akaiweka juu ya kabati mbali na watoto. Aliporudi mlangoni alimtazama Inspekta usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima nguo ya mwanawe dukani.

"Kwa hiyo si waya," alisema.

"Si waya, Mama Mkubwa."

"Na chombo chenyewe hakibembelezwi."

"Hapana."

Alitikisa kichwa kukubali. Nyuma yake mtu aliomba maji, mwingine akacheka jambo lisilohusika.

"Tangu asubuhi hujala," alisema. "Usinidanganye tena."

"Sijala."

Mama Mkubwa alisogea pembeni, akashika mlango uache nafasi. "Vua viatu, uingie ule kwanza. Na wale wawili uliowaacha kwenye ngazi, waite wapande. Wenzao wasile wao wamesimama. Chakula kipo."